Mguu wa Kushoto wa Andongwisye

Andongwisye alikuwa na mdomo, hilo kijiji kizima cha Busale kilijua. Mwaka 1956 chama cha wakulima wa mpunga kilipopata trekta moja dogo, yeye ndiye aliyepewa usukani. Akamfundisha Lameck, wakawa wanapokezana, yeye asubuhi, mwenzake mchana. Basi trekta lilipoanza kutoa mlio mwembamba wa chuma kikavu, hakujisumbua hata kuinama kusikiliza. Alikwenda kwa karani wa chama akasema giaboksi imekwisha, na aliyeimaliza ni Lameck, anavyobamiza gia utadhani anatwanga mpunga. Lameck alipoulizwa aliinamisha kichwa, hakujitetea. Karani akaamua Jumamosi iwe siku yake ya mwisho kazini. Mtu ana watoto wanne!

Ijumaa, wakati wa kula, Damari, mke wa Andongwisye, akamletea maneno ya Anyisile, mke wa mwana wao. Kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe wala hasemi naye; akisikia anakuja, hukimbilia migombani. Kwa hiyo Anyisile alikuwa amelisoma lile trekta kwa masikio. Likipita linalia njia nzima, huyo ni baba mkwe, ajifiche. Likilia kidogo pale kwenye kona likanyamaza, huyo ni Lameck, aendelee na kazi zake. Hakuwa amekosea hata siku moja. Sasa alikuwa anauliza, kama mharibifu ni Lameck, mbona linalia zaidi kwa baba?

Andongwisye akafoka. Mwanamke wa jikoni na trekta, wapi na wapi? Lakini ugali akauacha nusu. Akainuka, akaenda kuliwasha trekta, akaliacha lingurume bila gia. Hakuna mlio. Akakanyaga kidogo klachi, ile pedali ya mguu wa kushoto, likalia. Akaondoa mguu, likanyamaza. Alirudia mara tano, na kila mara aliomba Mungu iwe vinginevyo. Giaboksi ilikuwa nzima. Iliyokwisha ni beringi ya klachi, ambayo huchoka pale tu pedali inapokanyagwa, na aliyezoea kuendesha asubuhi nzima mguu wa kushoto umelala juu ya pedali ni yeye, mwalimu mtu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Usiku ule hakulala.

Jumamosi alisimama mbele ya karani na wakulima akasema yote, hata kwamba aliyegundua ni mkwe wake. Kumtaja mkwe mbele za watu ni fedheha nyingine, nayo akaimeza. Kisha akamgeukia Lameck, akamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile.

"Nilijua tangu masika kuwa ni mguu wako, tata," Lameck akajibu taratibu, akimwita baba kwa heshima. "Nikaona kazi nitapata nyingine. Wewe ndiye uliyenifundisha, ningekuaibishaje mbele za watu?"

Andongwisye hakujua auweke wapi uso wake.