Vyuma Vipana vya Muir Geddes

Muir Geddes alikuwa mwashi wa mawe, na mikono yake ilikuwa mikubwa hivi kwamba kikombe cha chai kilipotelea ndani. Nyumba nyingi za mtaa wa juu hapa Kilrennet kazijenga yeye. Lakini ukimuuliza mtu wa hapa Muir alikuwa nani, hatakutajia nyumba. Atakwambia, "Yule aliyecheza na Nairn Orrock."

Huku kwetu pwani ya Fife, Jumamosi asubuhi watu hucheza gofu wawili wawili kwa mpira mmoja. Wewe unapiga, mwenzako anapiga kutoka pale ulipouacha, hivyo hivyo mpaka shimoni. Ukiutupa kwenye miiba, ni yeye atakayeutoa. Na lipo sharti moja: mwenzako haombwi radhi, hata umtupie mpira baharini. Neno la samahani likitoka, watu husema hao wawili wameachana. Muir na Nairn walianza kucheza pamoja kabla hawajaoa, na hakuna aliyewahi kulisikia kwao.

Mimi nilishuka melini hapa nikiwa kijana, sikupanda tena. Wakati wa baridi nilifagia duka la Una Lorimer, fundi wa fimbo za gofu, zile zenye kichwa cha chuma tunazoziita vyuma tu. Kiangazi nilimbebea Nairn mfuko wake wa fimbo. Kwa hiyo nilikuwepo.

Vuli moja Muir alipata kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, mkono wa kushoto ukarudi nusu. Baridi yote alishinda akiminya soksi iliyojazwa shayiri, mkewe Ishbel kando yake akifuma, maana alitaka kitu kimoja tu: majani yakianza kuota, asimame tena na Nairn. Naye Nairn alimkatalia kila aliyeomba kucheza naye. "Nina mtu," alijibu, basi.

Baridi ilipolegea Muir akaja dukani.

"Nataka vyuma vyepesi kidogo, binti. Lakini vya aina yangu ile ile. Vyembamba."

Una hakubishana. Alipaka chaki yenye maji kwenye uso wa chuma chembamba cha saba, akamwambia apige mipira kadhaa kwenye wavu ulioko uani. Kisha akamwonyesha. Alama za mpira zilikuwa zimetapakaa, nyingine nchani kabisa, nyingine karibu na mpini.

"Zamani alama zako zilikaa mahali pamoja, unaweza kuzifunika na kifungo cha shati," Una alisema.

"Zamani nilikuwa na meno pia."

Akamletea chuma kingine, kipana chini, mgongo wake umechimbwa, uzito wote umewekwa pembeni. Chuma cha namna hiyo hakimwadhibu mtu aliyekosa katikati. Muir akapiga, hakuupata mpira vizuri, na bado ukapaa.

Akakigeuzageuza mkononi. "Hili ni koleo."

"Ni koleo linalopaisha mpira, Bwana Geddes. Nunua cha mchezo ulio nao leo."

"Nairn akiniona nacho atacheka mpaka kofia imdondoke."

"Na acheke."

"Akicheka sawa. Akinionea huruma je?"

Mimi niliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi. Muir akaondoka na vyembamba.

Jumamosi ilikuja na upepo. Nairn, mgawa barua mstaafu, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu, alikuwa anamsubiri.

"Umechelewa, we zee la mawe. Nilidhani umekufa."

"Nilijaribu. Ishbel kanikatalia."

Pigo la kwanza la Muir liliruka usawa wa kifundo cha mguu, likaingia miibani. Nairn akaingia, akatoka na mikwaruzo, akapiga. La pili hivyo hivyo. Kila zamu ya Muir ilimpeleka Nairn vichakani, suruali ikapasuka, mikono ikatoka damu, naye anapiga mluzi tu. Shimo la sita walibakiwa na pigo fupi la chuma cha saba, pigo ambalo zamani Muir alikuwa akilipiga huku anaongea. Chuma kikagonga ardhi. Mpira ukasogea kidogo kama kuku aliyesumbuliwa usingizini. Muir alishika kiwiko chake.

"Samahani, Nairn," akasema.

Nairn aliinama, akauokota mpira, akautia mfukoni.

"Jumatatu unarudi kwa Una, unachukua yale makoleo."

"Nani kakwambia?"

"Mji huu? Hata paka wanajua."

"Utanicheka."

"Nitakucheka sana. Ndiyo raha yenyewe." Akavuta kofia yake. "Na ulichokisema sasa hivi, upepo umekichukua. Sikusikia kitu."

Jumatatu Muir akarudi kweli. Una alimpima, akafupisha mipini, akanenepesha mishikio kwa ajili ya ule mkono wa nusu. Kabla kazi haijakwisha, kiharusi cha pili kikamlaza. Una alimalizia hata hivyo, na aliyekuja kuvichukua vile vyuma vipana ni Nairn.

Jumamosi hiyo nilibeba mifuko miwili, wa Nairn na wa Muir. Nairn alipiga kwa chuma chake chembamba. Tulipoufikia mpira alinyoosha mkono kwenye mfuko wa Muir, akapiga kwa kile kipana, kisha chake tena, zamu kwa zamu mpaka mwisho. Watu walitutazama kutoka madirisha ya klabu. Hakuna aliyecheka.

Halafu akaenda kukaa kando ya kitanda, bakuli la supu ya shayiri mkononi.

"Ulianza vizuri," alimwambia Muir. "Lakini shimo la sita uliniingiza kwenye mtego wa mchanga, mshenzi we."

Nusu ya mdomo wa Muir ikacheka. Kisha ukajitahidi kutamka kitu, "Sa..."

"Funga mdomo," Nairn akasema. "Au ufungue, unywe supu."

Iliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka maua ya manjano ya miibani yalipopukutika, na Muir akazikwa.

Jumamosi iliyofuata Nairn alinipa tena mifuko yote miwili. Shimo la sita ikawa zamu ya Muir. Nairn aliuinamia mpira muda mrefu na kile chuma kipana, halafu akapiga, na mpira ukaingia mchangani. Akanirudishia chuma bila kunitazama.

"Hapa Muir hapawezi tangu augue," alisema, akachomoa chake chembamba, akateremka mchangani kuutoa.