Kamba za Dereva wa Mwanza

Dereva yule alikuwa akitoa mahindi Mwanza kuyaleta kwenye kambi ya wakimbizi kwetu Ngara, na kila akifika alikunywa chai kibandani kwangu akiwa amesimama, kwa sababu ya maumivu ya mgongo. "Mama Kalista, haya ni maji ya mto Ruvubu umeyapasha moto," alikuwa akinitania, kisha anaomba kikombe kingine. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa kuvuta kamba. Hakumwachia mtu afunge turubai. Alizunguka lori lote mwenyewe, akiivuta kila kamba na kuipigapiga kwa upole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe.

Desemba ile ya 1996, wakimbizi walipoamriwa kurudi kwao Rwanda, lori lake lilikodiwa kuwabeba wasioweza kutembea. Mvua ilikuwa inanyesha, akaanza kufunga turubai juu yao. Bibi mmoja akatoa mkono, akamshika.

"Baba, si wewe uliyekuwa unatulisha? Usinirudishe. Kule hakuna mtu wangu aliyebaki."

Dereva akavibandua vile vidole taratibu, kimoja kimoja, akakaza fundo, akaipigapiga kamba. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe kama vile si wake.

Alikuja kwangu, nikammiminia chai. Hakunitania. Alikishika tu kikombe mpaka kikapoa.

"Mama, utaniombea?"

"Nitakuombea, kaka. Na yule bibi pia."

Ndani ya turubai bibi alikuwa bado anaita, "Baba! Baba!" Dereva akapanda, akawasha injini, tukawa hatumsikii tena.