Ng'ombe Hawasomi Mkataba

Bodaboda niliyoipanda kituo cha treni cha Soga ilinishusha Kwala saa nne asubuhi, mbele ya kibanda cha mabati ambacho mwenyewe alikuwa anakifunga. Madereva wa malori kama sita walikuwa wamesimama nje na njaa zao. Wawili, Wakongo, walikuwa wanamsengenya kwa Kilingala. Akawajibu kwa Kilingala hicho hicho, na mmoja akajifanya anafunga kamba za kiatu.

"Asteria, sasa tutakula nini?" akauliza wa tatu, kwa Kiswahili.

"Leo kuleni maneno yenu. Kesho kuna sato."

Nilikuwa nimekuja kuitazama bandari kavu, mahali pasipo na bahari ambapo shehena ya nchi jirani hupangwa na kusubiri safari. Nimevuka mipaka mingi na bado napenda kujua nani humpisha nani. Dar es Salaam waliniambia nimtafute Asteria Ngeleja, kwa sababu madereva humwambia mambo ambayo hawayasemi ofisini.

"Ukitaka kuongea panda pikipiki, tuongee njiani," aliniambia. "Ng'ombe wa baba hawajanywa maji siku mbili. Nisipofika leo, kesho watu watakatana mapanga."

Nikapanda.

Asteria ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Magu, Usukumani, akaletwa Pwani akiwa na miaka sita, baba yake alipohamia na mifugo. Mzee Ngeleja aliuza madume mawili ili binti asome chuo kikuu, na binti akasomea uhusiano wa kimataifa. Tasnifu yake ilihusu nchi ndogo zilizobanwa katikati ya nchi kubwa. Baada ya hapo alikwenda Dodoma kwenye usaili mara tatu, na safari ya tatu hakupigiwa hata simu ya kumkatalia. Ndipo akafungua mgahawa.

"Sijutii," alisema, akipaza sauti juu ya mlio wa injini. "Mwalimu wetu siku ya kwanza alituambia, kijijini ukiibiwa unakwenda polisi, lakini mataifa hayana polisi. Kila nchi inajilinda yenyewe. Nikasema moyoni, huyu anawajua wafugaji."

Tulivuka mto Ruvu kuingia upande wa Kisarawe. Kwanza tukapita bonde lenye mahindi mabichi na bamia, kijani kibichi cha kumwagiliwa. Juu ya bonde zilikuwapo nyumba za kijiji, na baada ya nyumba ardhi ikawa kavu kabisa. Huko ndiko lilikokuwa boma la Mzee Ngeleja. Kwa hiyo hata mgeni angeelewa ugomvi kwa kutazama tu: ng'ombe mia na themanini upande mmoja, maji upande wa pili, na mashamba ya watu katikati.

Lambo la wafugaji lilikuwa limekauka wiki iliyotangulia. Mwaka uliopita walipewa njia ya kupitisha mifugo hadi mtoni kwa mkataba wenye muhuri, na Asteria ndiye aliyeuandika. Siku ya nne ng'ombe waliingia kwenye mpunga. Mwaka huu wakulima wakaifunga njia kwa miiba. Mzee Ngeleja akaongeza wachungaji wawili wenye pinde. Kusikia habari za pinde, wakulima wakaweka vijana wa zamu wenye mapanga. Mzee alipoambiwa habari za mapanga, akatuma watu kwa ndugu zake wa Mlandizi.

"Hakuna anayetaka vita," Asteria alisema. "Kila mmoja anajilinda tu. Lakini anayejilinda anamtisha mwenzake, na mwenzake naye anajilinda zaidi. Nimeandika sura nzima juu ya jambo hili, mifano yote ya Ulaya. Kumbe ningekaa nyumbani."

Tulimkuta Mzee Ngeleja amesimama kati ya ng'ombe waliolegea masikio. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Kesho alfajiri ninapita," alisema baada ya kupokea shikamoo zetu. "Wakitaka kunikata, wanikate."

"Baba, ukipita kesho, keshokutwa utapita na nani? Nipe leo tu."

"Una karatasi nyingine?"

"Ninayo."

Mzee akacheka bila furaha, lakini akatufuata.

Mwenyekiti wa wakulima wa bonde alikuwa Bi Hajira Mfaume, Mzaramo wa palepale, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Alikuwa ameketi barazani kwake anachambua mchicha. Vijana wa zamu walikaa ukutani na mapanga yao magotini.

"Shikamoo, Bi Hajira."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umekuja kuniteka maji au kunichotea?"

Nilishtuka, lakini hakuna mwingine aliyeshtuka. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani hukutukana mbele ya watu na huruhusiwi kununa. Zaidi ya hapo, mtani anaweza kuchukua kitu chako akakaa nacho mpaka ukigomboe, nawe huendi kumshtaki popote.

"Nimekuja kuwaangalia," Asteria akajibu. "Nilisikia mmeuza mikorosho yote mkacheze ngoma."

"Tumebakiza mmoja, wa kukufunga wewe. Huyu nani?"

"Mwandishi. Anazunguka dunia."

"Hana kwao?" Bi Hajira akanitazama. "Haya, kaa."

Asteria akatoa mkataba, nakala tatu. Ulikuwa mkataba mzuri, wenye saa za kupita, upana wa njia na idadi ya wachungaji. Bi Hajira aliusoma wote taratibu, kisha akaufunika kwa sinia la mchicha.

"Mwanangu, wa mwaka jana nao ulikuwa na muhuri. Ng'ombe wenu hawasomi, na wachungaji wenu wanaojua kusoma hawakuusoma. Mpunga wangu uliliwa nikiwa nimeushika mkataba mkononi."

Mzee Ngeleja akainuka. Kijana mmoja ukutani akainuka pia. Asteria hakumtazama hata mmoja wao.

"Basi karatasi tuache," alisema. "Wewe una mto na sisi tuna kiu. Sikuja kutafuta usawa, nimekuja kutafuta maji. Sema unachotaka."

Nimewaona watu waliovaa suti wakikaa miezi mitatu hotelini bila kuifikia sentensi hiyo.

Bi Hajira alisugua vidole kuondoa udongo. "Nataka dume lenu."

"Nitakupa ng'ombe watatu," Mzee akasema haraka.

"Wazee watatu, wenye meno mawili kila mmoja? Nataka dume. Lile jekundu ulilolileta mwaka juzi kutoka kwenu Magu. Likae hapa uani kwangu mpaka mvua inyeshe. Ng'ombe wako wakila shamba la mtu, hatuendi kwa mtendaji wala polisi. Tunachinja, tunawaalika na nyie."

"Huo ni wizi!"

"Ni utani, baba," Asteria akasema. "Mtani amechukua. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa."

"Dume lile ndilo kundi langu!"

"Ndiyo maana analitaka. Angeomba kitu kisichokuuma, ungekisahau siku ya nne." Akamgeukia Bi Hajira. "Na sisi je? Ng'ombe wakishafika mtoni, mkatufungia njia nyuma, nitafanya nini?"

"Utalia."

"Nalia vibaya. Nami mtani wako nachukua." Aliingia uani bila kuomba ruhusa, akarudi ameshika hendeli, ule mkono wa chuma wa kuwashia pampu ya dizeli. "Siku ya ng'ombe kupita hii inakwenda na mimi mtoni. Ng'ombe wa mwisho akirudi, unarudishiwa. Siku hiyo hakuna bamia inayopata maji mpaka wetu wawe wamekunywa."

Vijana wa ukutani wakaguna. Pampu ile ilimwagilia bonde zima.

"Mwizi wa Kisukuma," Bi Hajira akasema. Akafikiri. "Mimi nikae na dume msimu mzima, wewe na hendeli siku moja moja?"

"Wewe ndiye mwenye mto."

Kicheko kikaanzia kwa Bi Hajira, kikawafikia vijana. Mzee Ngeleja alikawia. Nilidhani ataondoka. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba Wazaramo wasililishe dume mchicha, litakonda liwe kama wao. Hapo nikajua amekubali.

Saa tisa dume jekundu lilikuwa limefungwa uani. Miiba iliondolewa na vijana wale wale wa mapanga. Wenye pinde waliziacha bomani, kwa amri ya Asteria.

"Mwandishi naye abaki," Bi Hajira akatangaza. "Hana ng'ombe wala bamia. Atashuhudia."

"Umeshachukuliwa, ndugu yangu," Asteria aliniambia. Alijifunga kanga kiunoni, akaichomeka hendeli, akaenda mbele ya kundi.

Walipita wawili wawili, wengine wakiyumba. Harufu ya maji ilikuwa imewafikia na wachungaji walikimbia huku na huku kuwazuia. Tulikuwa tumesimama ukingoni mwa shamba la Bi Hajira mwenyewe ndama mmoja alipotoa shingo, akang'oa bua la hindi na kwenda nalo mdomoni. Mchungaji aliganda. Vijana wakamtazama Bi Hajira. Mzee Ngeleja, aliyekuwa mwisho wa msafara, akalitazama dume lake kule uani.

Bi Hajira alilitazama hindi lililong'oka.

"Hilo ni la kwangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mbele. "Nimempa. Mtoto wa Kisukuma hajui kula mchana bila kuiba."

Mtu akacheka, na fimbo zikaanza tena kufanya kazi. Mbele kabisa Asteria hakugeuka. Alikuwa ameshalipita shamba la mwisho la bamia na anateremka kwenye mteremko wa mto, kichwa chake kikizama kidogo kidogo, halafu mgongo wa ng'ombe wa kwanza, halafu wa pili. Bi Hajira akanipa ndoo.

"Na dume la uani," alisema, "nalo halijanywa siku mbili."