Mwonja Mvinyo na Chupa ya Shiraz

Mwonja mvinyo wa hoteli huitumbukiza pua kwenye glasi utadhani kadondosha pete humo. Hunusa, husukutua, hutema. Salamu yenyewe huitoa kwa ubahili. Leo kafungua Shiraz, divai ya miaka ishirini, nyeusi, nzito. Bosi, yule mjuaji asiyejua hata siki, kaona mashapo chini ya chupa, kapayuka: "Imeoza hiyo, we mzee! Mwaga!"

Weee! Bubu kapata ulimi. Kaikumbatia chupa kama mwana mchanga. "Unimwage mimi kwanza! Nusa zambarau hizi bosi, pilipili manga hii, moshi huu! Onja ndo uniambie mwaga!"

Bosi kaonja. Kavuta kiti, kanyoosha glasi: "Mjomba, hebu nitilie tena."