Tiketi ya Fundi Viatu

Kazi yake katika ofisi ya biashara ya manispaa ilikuwa kuwatembelea wenye maduka na karakana kabla hawajakata tamaa wakafunga. Aliwasikiliza, kisha kila lalamiko akaliingiza kwenye kompyuta kama tiketi: nyekundu likisubiri, kijani likitatuliwa. Wakambandika jina Mama Tiketi.

Fundi viatu wa mtaa wa nyuma alimwonyesha mtaro uliochimbwa mlangoni pake na kuachwa wazi. "Wateja wangu wazee, mwanangu. Wataruka kama vyura?"

Mama Tiketi akaifungua tiketi, akaituma idara ya barabara. "Nitarudi wiki ijayo, mzee wangu."

Hakurudi. Watu wa barabara nao hawakujibu. Miezi miwili baadaye bosi alisimama nyuma ya kiti chake. "Ripoti inakwenda juu kesho. Sitaki kuona nyekundu."

Tiketi nyekundu zilikuwa kumi na moja. Akabonyeza "imetatuliwa" mara kumi na moja, akaenda kula.

Siku alipopita tena mtaa ule, mtaro ulikuwa wazi vilevile. Ndani, mke wa fundi alikuwa akitia kalibu za viatu kwenye magunia.

"Shikamoo, mama. Mzee yuko wapi?"

"Marahaba. Kaenda kwa kaka yake, hafungui tena. Ujumbe wenu ndio uliommaliza."

"Ujumbe gani?"

Mke wa fundi akampa simu ambayo mumewe alikuwa ameiacha. *Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tupe maoni.* Mfumo ulikuwa umeutuma wenyewe.

"Ulimkuta hapo nje, kamshika mkono bibi mmoja anamvusha. Akausomea mtaa mzima. Akacheka, mwanangu, akacheka mpaka akakaa chini. Miaka thelathini sijamsikia akicheka vile."

Kicheko hicho Mama Tiketi hakukisikia kwa masikio yake, lakini tangu siku hiyo hakikumwacha. Kilimjia akioga, akibonyeza kitufe, mumewe akimsemesha. Akazifungua upya tiketi zote kumi na moja. Bosi akamnunia wiki nzima. Akawazungukia wenye tiketi hizo kwa miguu. Milango mitatu ilikuwa imeshafungwa. Watu wa barabara aliwaganda kama kupe mpaka mtaro ukafukiwa.

Akampigia fundi. "Mzee wangu, wamefukia. Mlango uko wazi sasa."

"Ahsante, mwanangu," alijibu kwa upole. "Vifaa nimeshauza."

Simu hakuikata. Mama Tiketi akabaki akisikiliza pumzi zake, asijue nani aanze kukata.