Matanga ya Kocha Mzima

Ninaona haya kuisimulia hii, lakini kwa vile watu wa Mangobo wanaisimulia kila siku bila mimi, tena wanaongeza chumvi (kuna mmoja anasema eti nilinunua jeneza la kweli, la mbao, mwongo mkubwa yule), afadhali mnisikie mimi mwenyewe, halafu kama ni kucheka mcheke mkiwa mnaujua ukweli.

Mimi ni Faustin, fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani kwa Papa, baba yangu mzazi, maana tangu Mama atutoke tunaishi wawili tu katika parsele ile, yaani kiwanja chetu, yeye na redio yake, mimi na nguo za watu. Na barazani hapo ndipo bunge letu linapokaa. Timu yetu ya mtaa, Ngando, ikicheza Jumamosi, kufikia Jumapili mchana wanaume kumi na zaidi wamekaa kwangu kumhukumu kocha, hakuna hata mmoja aliyeleta nguo ya kushona, na mimi ndiye ninayepiga kelele kuliko wote. Nikianza kueleza mpira, hata sindano inasimama.

Jumamosi ile tulipigwa. Na si kupigwa tu, tulipigwa na timu ya Lubunga, watu wa ng'ambo ya mto, ambao walirudi kwao na ngoma mpaka ndani ya mitumbwi, tukiwasikia. Tulikuwa tunaongoza moja bila, mnasikia? Tunaongoza vizuri. Dakika ya sitini Kocha Salumu akamtoa namba tisa wetu, yule yule aliyefunga, akaingiza beki. Beki! Mtu anafunga mlango wakati wezi wameshaingia ndani. Wakatupiga tatu.

Tulipofika nyumbani nikaanza hapo hapo: kocha hajui kitu, kocha afukuzwe, kocha amenunuliwa. Papa alikuwa anakula, akasema taratibu, "Faustin, mutu hakufunua nyungu, hawezi kusema chakula iko naungua. Ule Salumu iko na sababu yake." Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini mdomo wangu haujui breki. Nikamwambia, "Papa, we ni muzee, mupira ya sasa haujue." Papa akasukuma sahani. Alinawa mikono, akachukua redio yake, akaingia chumbani. Asubuhi nikamsalimia, hakuitika. Akavaa shati la misa, akapita mbele yangu kama anapita mbele ya mti. Iliniuma, siwafichi, lakini badala ya kumfuata nikasema moyoni, atarudi tu.

Baada ya misa ya kwanza Papa alivuka kwenda Lubunga kucheza dama na rafiki yake wa zamani, aliyefanya naye kazi kwenye maboti. Simu yake aliiacha kwa Jado ichajiwe, maana umeme ulikuwa umekatika (maporomoko ya mto yanayotoa umeme yananguruma hapo karibu usiku na mchana, sisi tunachaji simu kwa jenereta ya Jado). Wekeni hiyo akilini, simu iko kwa Jado, imezimwa, nami sikujua. Na jambo la pili: wiki iliyotangulia Papa alikuwa na malaria, alilazwa siku mbili na maji ya kwenye mshipa, na mtaa mzima ulijua.

Basi bunge likakaa. Jado, ambaye ni rafiki yangu na ndiye chanzo cha nusu ya matatizo yangu, akasema, "Kwangu mimi ule kocha alishakufaka. Inabakia kumuzika tu." Tukacheka. Mimi mtu wa sifa nikainuka, nikatafuta katoni kubwa za sabuni, nikazikata kwa mkasi wangu, nikazishona kwa uzi mnene, ikatoka jeneza safi kabisa, lina mpaka mabega. Nikaandika juu kwa makaa: KOCHA SALUMU, AMEKUFA DAKIKA YA SITINI. Tukaliweka juu ya meza chini ya turubai, na kwa sababu jeneza tupu halina heshima, nikalifunika kwa kitambaa cha Mama Odette, mteja wangu, kitambaa cha buluu alicholeta nimshonee cha kuvaa kwenye ndoa ya binti yake. Mpaka hapo, ndugu zangu, yalikuwa mambo ya barazani. Lakini nikasema, "Matanga bila matawi njo matanga gani?" Nikaenda nyuma ya choo, nikakata matawi mawili marefu ya mchikichi, nikayasimika kwenye mdomo wa avenyu yetu, pale barabarani, moja huku, moja kule.

Kwetu hakuna asiyejua maana ya matawi hayo: hapa kuna msiba. Mtu wa baiskeli akiyaona anashuka, mwenye muziki anapunguza, mwenye deni anaahirisha kudai. Hakuna anayeuliza kama ni utani, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufanya utani huo, mpaka mimi.

Wa kwanza alikuwa jirani wa upande wa kushoto. Alileta viti vya plastiki kumi na viwili, akavipanga bila neno, akanishika bega akaondoka akiwa anajifuta macho. Nikafikiri anatusaidia kucheza. Halafu wakaja akina mama wa kwaya, na kuni. Halafu toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, zikaanza kushusha abiria kwenye matawi, mmoja, wawili, watano, wanawake wamefunga vitambaa kichwani, na ndipo nilipoelewa kwamba wote wananitazama mimi, na kwamba nyumba hii ina mzee mmoja tu aliyekuwa mgonjwa. Nikageuka kuwaambia wabunge tubomoe. Wabunge walikuwa wanayeyuka. Jado alikuwa wa mwisho, akaniambia anaenda kuzima jenereta, naye akapotea.

Nilitaka kusema, haki ya Mungu. Nilifungua mdomo. Lakini ndipo alipofika Tantine Véro, dada ya Papa, anayeishi Yanonge. Alikuwa ameshuka mjini asubuhi na samaki wake wa moshi, yuko bandarini anauza, kijana wa toleka akamwambia, mama pole, kwa kaka yako kuko matanga. Basi alikuja na kapu lote la samaki kichwani, na kilio chake nilikisikia kabla ya kumwona.

"Kaka yangu ee, unaniacha na nani? Na samaki yako nilikuletea!"

Nikamkimbilia. "Tantine, Papa hakufe. Papa iko muzima."

"Iko wapi?"

"Iko Lubunga, iko nacheza dama."

Akashusha kapu. "Bon, umuite kwa telefone."

Nikapiga mbele ya watu wote. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Tantine akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau, akawageukia akina mama wa kwaya akasema, "Maskini ya Mungu, huzuni imemuingia mu kichwa." Na kila nilipojaribu kueleza, ikawa ushahidi zaidi. Nikisema ni mchezo, wanatikisa kichwa. Nikisema aliyekufa ni kocha, mama mmoja anapiga yowe, "Na kocha pia?" Wakanikalisha kwa nguvu, wakanimwagia maji kichwani, mmoja akanishika mkono huu, mwingine mkono ule, kwaya ikaanza kuimba, na mimi nimekaa hapo katikati, mfiwa kamili, ninalia kweli sasa, ninalia kwa woga.

Nikasema moyoni, angalau mambo hayawezi kuwa mabaya zaidi. Toleka nne zikasimama. Kocha Salumu mwenyewe, kanzu nyeupe na kofia, na nyuma yake wachezaji, na kati yao namba tisa amevaa jaketi zito katika jua lile la saa tisa.

Kocha alinipa mkono kwa mikono yake miwili. Halafu akasimama mbele ya jeneza, jeneza lake, hatua mbili tu, kwaya ikanyamaza ili aseme.

"Mimi sina maneno mingi," akasema. "Jana tulipigwa, munajua wote. Batu bote walinitukana. Huyu papa njo mutu moja tu alikuja kunipatia mukono. Aliniambia, Salumu, fanya kazi yako, miye nasikia. Kama kuko mutu alikuwa supporter wa kweli mu Ngando, alikuwa yee. Mungu amupokee."

Ndugu zangu, nilitamani katoni ile iwe kubwa zaidi nijilaze mimi ndani. Papa hakuniambia kwamba alienda kwa kocha. Angeniambia saa ngapi, na mimi sikunyamaza?

Maneno yale yalimzidi Tantine. Akajinyoosha, akaita jina la kaka yake, na akajirusha juu ya jeneza kwa mwili wake wote, na Tantine Véro si mwanamke mwembamba. Katoni ikalalamika, ikatoa pumzi, ikalala chini bapa. Kitambaa kikateleza. Ikasikika sauti ya Mama Odette, ambaye sikujua hata kama yumo:

"Lakini hii si pagne yangu ya ndoa?"

Watu wote walikuwa wanasoma maandishi ya makaa. Kocha Salumu aliinama, akaokota kipande kile cha katoni, akakipangusa vumbi (nyuma kilikuwa bado na picha ya sabuni), akasoma polepole. "Dakika ya sitini," akasema. Hakukasirika. Bora angekasirika.

Namba tisa akasogea mbele, meno yanagongana kwa baridi. "Njo mimi nilimuomba anitoe," akasema. "Nilikuwa na homa, sikuwa naona mupira tena. Nikamuomba asiseme kwa batu, juu watasema niko muvivu. Papa ya Faustin tu alijua, alinipatia dawa ya kwake."

Kwa hiyo nyungu ilifunuliwa. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kocha, mtaa mzima unanitazama, nikisema "nisameheni" kwa sauti ambayo hata cherehani ingeizidi, pale tuliposikia mtu anaita jina langu kutoka barabarani.

"Faustin! Faustin!"

Alikuwa Papa. Anakimbia. Sijawahi kumwona Papa akikimbia, hata mvua ikinyesha. Kandambili moja mguuni, nyingine imebaki huko, shati la misa limeloa. Aliposhuka kwenye mtumbwi walimwambia kule kule, papa pole, kwenu kuko matanga. Na nyumba ile ina watu wawili tu. Kama si yeye, ni nani?

Akaingia chini ya turubai akitazama meza, akitazama chini, mpaka akaniona. Akasimama. Akaja akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanigeuza huku na huku kama anayekagua boti iliyogonga mwamba, akasema, "Uko muzima." Halafu akakaa chini kwenye vumbi, na mimi nikakaa naye, na tulilia wote wawili bila aibu yoyote, na nikamwambia, "Papa, asubuhi haukunijibu," naye akasema, "Njo hiyo ilikuwa inaniua njia yote."

Tantine alipomwona kaka yake alipiga yowe lililowashtua hata kuku, kisha akampiga kofi la mgongo kwa kumtia hasara ya machozi. Kwaya haikujua ifanye nini, mwishowe mama mmoja akaanzisha wimbo wa Pasaka, na wengine wakafuata.

Papa alipopata pumzi akauliza, "Sasa nani alikufa?"

Watu wote wakanigeukia. Kocha Salumu akanitua mzigo, akasema, "Ni mimi, Papa. Jana, dakika ya sitini."

Papa akasoma katoni. Nikangoja. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri ni hasira, kumbe anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu, na kocha akaanza, na namba tisa ndani ya jaketi lake, na turubai zima.

Lakini kucheka si kusamehe bure. Papa alitoa hukumu hapo hapo: matanga yaliyoliliwa lazima yafungwe, watu hawarudi na njaa. Samaki wa Tantine wote waliingia chunguni, nikamlipa mpaka wa mwisho, nikaongeza sombe ya majani ya muhogo na kwanga, mkate wa muhogo, nikahudumia mimi mwenyewe, na mtu wa kwanza kupewa sahani alikuwa marehemu. Kitambaa cha Mama Odette nilikifua mara tatu, nikamshonea bure, na ndoa ilipofika alipendeza (lakini kila aliyemsifia aliongeza kwamba kitambaa kimetoka juu ya jeneza). Jado alirudi chakula kilipoiva.

Kwa upande wa mpira hukumu ni hii: Ngando ikipigwa, mtu wa kwanza kushuka kumpa kocha mkono ni mimi. Mpaka leo nimeshampa mara nne. Kila mara ananiuliza, "Faustin, leo ni dakika ya ngapi?" Na mimi ninajibu, "Kocha, sikufunua nyungu." Bungeni bado ninabishana, siwadanganyi, ila sauti imepungua na sindano inatembea.

Na matawi, sitayagusa tena. Jumapili ya Matawi iliyopita, parokia nzima imeinua mikono, mimi nilisimama na yangu mfukoni. Papa akanitazama, akavunja tawi lake katikati, akanipa kipande kidogo, kifupi kama kidole, akaninong'oneza sikioni, "Shika hii. Hii haifike barabarani."

Tukatoka kanisani pamoja. Akavuka kwenda kwa dama yake, na kabla ya kuvuka alikuja mpaka kwenye mashine, kama anavyofanya siku hizi kila mara, akangoja nimuage, nami nikasimamisha sindano nikamuaga.