Ng'ombe wa Maman Apolline

Mara ya kwanza Maman Apolline kuingia depo yangu pale Kadutu, hakuuliza bei. Aliinua pembe ya bati la juu, akalikunja kidogo kwa kiganja, akasikiliza lilivyolia.

"Papa, manjanja gani inaweza kupambana na upepo?"

Nilikuwa nimeuza manjanja, yaani mabati ya kuezekea, miaka mingi, na mbao, na misumari. Wateja wa Bukavu huuliza bei, kisha huuliza kama yanang'aa. Upepo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Upepo wa wapi, maman?"

"Wa Lushebe."

Nilicheka. Lushebe ni kituo kidogo magharibi mwa Bukavu, ukishapita Walungu, kimekaa juu ya mgongo wa mlima kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. "Kule upepo unavua padri kofia katikati ya misa," nikamwambia, kisha nikamtajia bei.

"Hiyo iko bei ya mujane ao bei ya mutu?"

"Bei ya mujane njo ya juu, maman. Mujane hana bwana wa kuja kunigombeza."

Wabebaji mizigo mlangoni walicheka. Yeye hakucheka, lakini pia hakukasirika. Aliniangalia jinsi mama wa sokoni anavyoangalia mizani ya mwenzake, akasema, "Basi leo sinunui. Nitarudi siku umeamka vizuri." Akaondoka. Nikajua nimempata mtu wa kufanya naye biashara.

Ilikuwa mwaka 1997, vita ya kwanza imekwisha na ya pili haijaanza, ingawa hakuna aliyetuambia kwamba inakuja. Mumewe, Edouard, alikuwa amekufa kwa kipindupindu mwaka uliotangulia, walipokimbia mji kuelekea Walikale. Apolline alirudi na watoto wanne na viatu vya marehemu. Alikuwa sekretari katika ofisi ya kanisa lake, anapiga mashine vizuri sana, na kwa kazi hiyo alilipwa maharage mwezi huu, sabuni mwezi ujao, na maombi mwezi wa tatu. Alichobaki nacho ni nyumba ya matofali aliyojenga na Edouard, barabarani kabisa, kwenye mteremko wa kwenda sokoni.

Nyumba ile niliitamani. Ilikuwa mahali pa depo hasa: kamio, yaani lori, inapakua mlangoni, mteja anaona mali kutoka mbali. Depo yangu ilikuwa ya kukodi, uchochoroni.

Aliporudi, alinieleza shauri lake. Shemeji yake Zagabe, mdogo wa Edouard, alikuwa akiishi Lushebe. Kila mwezi alishuka Bukavu na unga wa mihogo na viazi kwa watoto wa kaka yake. Na kila mwezi alisema neno lile lile: "Maman, mu mji unangoja nini? Njoo nyumbani. Batoto ba kaka hawawezi kukula matofali."

Apolline hakuwa mtu wa kuvutwa kwa unga. Alipanda Lushebe mwenyewe na binti yake mkubwa, Charlène, kuona. Alirudi midomo imepasuka. Akanisimulia mapaa yenye mawe juu yake ili yasiruke, mikaratusi iliyoinama yote upande mmoja, watoto wa shule ya misheni wamevaa makoti saa sita mchana. Lakini viazi, alisema, ni vikubwa kama ngumi, na usiku hakuna askari anayegonga mlango kuomba sigara. Zagabe aliwatembeza shambani akionyesha kwa fimbo: hapa nyumba, hapa maharage, pale mvulana mdogo atajenga akioa. Upepo ulipomvua Apolline kitambaa cha kichwa, Zagabe alikimbia nacho mlima mzima kushuka, akarudi anahema, amejaa matope, anacheka.

"Mutu anakimbia vile sababu ya kitambaa," akasema Apolline. Hakumaliza sentensi. Nadhani hapo ndipo alipoamua, ingawa alizungusha shauri hilo miezi mingi baadaye.

Mimi sikumshauri. Nilitaka nyumba.

Tukapatana hivi. Mimi ningetoa ng'ombe mmoja wa kupatia shamba, manjanja ya kutosha nyumba na jiko, mbao, misumari, na kamio ya kuwahamisha. Yeye angenipa nyumba ya Kadutu siku manjanja ya mwisho yanapogusa ardhi ya Lushebe. Alibishana mpaka nikaongeza milango. Hata misumari aliichagua, ile yenye kofia pana.

Ng'ombe alikuwa wa lazima kwa sababu kwetu Bushi shamba halinunuliwi kama bati. Unampa mzee mwenye ardhi kalinzi, yaani ng'ombe, mbele ya majirani. Mnakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na wale waliokunywa ndio watakaosema kesho kwamba shamba ni lako na la watoto wako. Bila kalinzi unalima kama mgeni, msimu kwa msimu, mpaka siku mwenyewe atakapoamka vibaya.

Apolline alimuuliza Zagabe mbele yangu, "Kalinzi itatoka mu jina la nani?"

"La batoto ba kaka, maman. La nani tena?"

Nilimnunua ng'ombe soko la Mugogo, wa kahawia, pembe fupi, mwenye afya. Zagabe alikuja kumchukua, nikamkabidhi kamba. Nikarudi zangu. Kamanyola kulikuwa na simenti iliyokuwa ikiningoja.

Siku ya kalinzi, Apolline alipanda Lushebe. Zagabe akamwambia mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. Kwanza, kule mwanamke hapeleki ng'ombe kwa wazee, anapelekewa na mwanaume wa ukoo. Pili, "ninyi batu wa kanisa yenu hamugusi kasiksi. Utakaa pale katikati ya walevi unafanya nini?" Apolline aliona ni heshima. Akabaki jikoni na Noëlla, mke wa Zagabe, wakimenya ndizi na kupika nyama, akiimba nyimbo zake za kanisani. Alisikia wanaume wakicheka ng'ambo ya ua. Mwisho Zagabe aliingia, uso unang'aa, akasema, "Imekwisha." Wakala.

Tuliwahamisha mwezi wa sita, 1998, kiangazi. Vitanda, masufuria, cherehani, watoto juu ya magodoro, manjanja chini yamefungwa kamba. Apolline alikaa mbele na dereva, mtoto mdogo mapajani. Tulipofika Lushebe vumbi lilikuwa likikimbia barabarani kama lina haraka kuliko sisi. Zagabe hakuwapo, alikwenda kutafuta watu wa kupakua. Akaja Mzee Akonkwa, mwenye ardhi ile, ndani ya koti kubwa la mvua ingawa mvua hakuna. Nikamwamkia, nikamuuliza swali la mtu anayetaka kupakua mzigo tu:

"Muzee, shamba ya batoto ba Edouard inaanzia wapi?"

"Ba Edouard?" Akatazama kilima. "Hapa hakuna shamba ya Edouard. Yote hii iko ya Zagabe. Alitoa ng'ombe, tukakunywa."

"Na mujane?"

"Alisema ataleta mujane wa kaka yake, atamupatia mahali pa kulala. Iko mutu muzuri, Zagabe."

Nikamwambia dereva asifungue kamba.

Zagabe akafika na vijana wake, tayari anatania kutoka mbali: "Papa Donatien! Manjanja imelala juu ya kamio, inaogopa baridi?" Nikamvuta kando, nyuma ya gari, nikamwambia nilichosikia. Hakukana. Alishusha sauti tu.

"Sasa wewe unalia nini? Ukipakua, nyumba ya Kadutu iko yako. Mimi niko na shamba. Maman iko na mahali pa kulala. Nani amekosa?"

Nilifikiri. Sitasema nilimhurumia. Nilifikiri hivi: mtu huyu akimfukuza baada ya miaka miwili, Apolline atarudi Kadutu na watoto wanne, atakaa mlangoni pa depo yangu, na mtaa mzima utakaa naye. Ukoo utakuja, kanisa litakuja. Nyumba ya namna hiyo ni hasara yenye madirisha. Nikaenda mbele, nikamnong'oneza dereva dirishani kwamba nyumba hiyo ingeniletea matatizo, kisha nikamfungulia Apolline mlango, nikamwambia yote.

Alishuka. Akampa Charlène mtoto.

"Zagabe, shamba iko ya nani?"

"Ya famille, maman."

"Famille iko na jina?"

"Ah, usituletee mambo ya bureau na karatasi hapa mu mulima."

"Mbele ya muzee. Sema jina."

Zagabe akatazama vijana wake, akatabasamu kama anayewaomba wamsaidie kucheka. "Mimi njo nilikunywa nao. Wewe ulikuwa mu jikoni unaimba cantique." Wakamsaidia. "Utakaa, utalima, nani atakufukuza? Nikikufukuza, batu watasema nini?"

"Na ukikufa?"

"Batoto yangu si ndugu ya batoto yako?"

Apolline akamgeukia Mzee Akonkwa. "Muzee, hakuna mutu aliuliza kama nimekubali?"

"Aliuliza. Jirani mumoja aliuliza. Zagabe akasema mujane amekubali, na alama ni hii, iko pale anatupikia." Mzee alimtazama bila ubaya wowote. "Ulikuwa unatupikia, ao hapana?"

Upepo ulipiga turubai la gari.

"Nilikuwa napika," akasema Apolline.

"Basi. Na kalinzi haitolewi mara mbili ku shamba moja. Ungekuja ukae pale, hata na kikombe ya maji, ungesema, tungesikia. Hatukukuona."

Noëlla alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake, mikono ndani ya kitenge. Apolline alimtazama muda mrefu kuliko alivyomtazama Zagabe. Noëlla akaingia ndani. Sijui kama alijua tangu siku ile ya ndizi. Apolline alisema baadaye kwamba alijua, kwa sababu siku ile Noëlla alikuwa akimsifu sana sauti yake ya kuimba.

Akapanda gari. "Tugeuze," akamwambia dereva. Zagabe alitembea kando ya mlango hatua kadhaa akisema maman, maman, hasira ya nini, chakula iko tayari. Watoto juu ya magodoro walimpungia mkono. Hawakuelewa kitu, walimpenda.

Tulikaribia mji. Nikaona ni wakati.

"Maman, sasa tuzungumze ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ile ya Mugogo. Nyumba umebaki nayo, si mbaya. Lakini ng'ombe yangu imekwenda juu yako."

"Papa, ng'ombe ulimupatia nani mu mukono?"

Nikafungua mdomo kumtaja Zagabe, akaniwahi.

"Ulimupatia Zagabe. Mimi nilikuwa Bukavu napiga mashine. Leo wamenifundisha kwamba mutu hakuwa pale hakupokea kitu. Ulikuwa unasikia, ao hapana?"

"Maman, mimi njo nimekutoa mu shimo!"

"Umejitoa wewe. Ulisema mwenyewe ku dereva ungepata matatizo ya nyumba. Mimi niko na masikio."

Dereva akakohoa ili asicheke. Nimefanya biashara na askari, na wachimba dhahabu wa Shabunda, na mapadri, ambao ni wagumu kuliko wote. Hakuna aliyenifanyia vile: kunipiga kwa fimbo iliyompiga yeye mwenyewe saa chache kabla, ingali na joto. Nilishusha vitanda vyake Kadutu kwa mikono yangu, nimekasirika mpaka nikavunja mguu wa kimoja. Aliona. Hata huo mguu hakunidai, nikajua anaona tumelingana. Mimi sikuona hivyo, na miezi kadhaa sikumwamkia barabarani.

Mwezi wa nane vita ya pili ikaanza. Barabara ya Walungu ikawa ya wenye bunduki. Angekuwa Lushebe, angekwama kule na watoto wake. Hilo ni bahati, si akili ya mtu, na sikuwahi kumruhusu aniambie vinginevyo.

Mwaka 2003 Charlène aliposwa na kijana wa Miti. Wakwe walileta ng'ombe wawili. Kwetu ng'ombe wa mahari hupokelewa na upande wa baba, na upande wa baba ulikuwa mtu mmoja tu. Alishuka kutoka mlimani, amekonda, suruali imekunjwa, anakumbatia kila mtu. Alikaa kiti cha baba wa binti. Alitania wakwe vizuri sana, walimpenda. Jioni aliondoka na ng'ombe mmoja, na hakuna aliyemzuia.

Nilikuwapo, kwa kuwa nilikodisha viti vya karamu. Nikamuuliza Apolline, "Umemupatia tena?"

"Binti yangu aingie mu nyumba ya batu bila baba mudogo? Kila siku wangemuuliza ametoka mu muti gani." Alikuwa akipanga sahani, hakuinua macho. "Naye alijua. Hakuomba hata musamaha. Alijua hatanilipa kitu, na mimi nitamulipa."

Basi hesabu yetu imekaa hivi. Zagabe ana shamba la Lushebe, alilopata kwa ng'ombe wangu, na ng'ombe wa Charlène juu yake. Mimi nilibaki na manjanja, niliyauza polepole, nikapoteza ng'ombe na mafuta ya kamio, na depo yangu bado ni ya kukodi, uchochoroni. Apolline ana nyumba yake ya matofali na watoto wake wako ndani. Mvulana wake mdogo amekuwa mtu mzima sasa. Wazee wakimuuliza shamba la baba yake liko wapi, anasema hana, na wao humwangalia kama mtu aliyesahau kuvaa shati.